Alama Zilizobaki na Mizani Iliyopangwa

Kila muhula unapokaribia kwisha, wanafunzi hunijia na swali lile lile: "Mwalimu, nahitaji ngapi kwenye mtihani wa mwisho ili nipate B+?" Jibu ni jepesi. Chukua alama unayoitaka, toa ulizokwisha kuvuna katika kazi za muhula, kisha kinachobaki ukilinganishe na uzito wa mtihani. Mwenye 24 kati ya 40, anayelenga 60, anahitaji 36 kati ya 60 zilizobaki. Swali gumu ni nani aliyeamua kwamba hizo ziwe 40 na hizi ziwe 60. Uamuzi wa namna hiyo una historia ndefu katika nchi yetu.

Enzi za karatasi za Cambridge, mwanafunzi wa sekondari hakuwa na cha kukokotoa. Mtihani mmoja ulihukumu miaka yote. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikosoa shule zilizoandaa vijana kwa ajili ya mtihani badala ya maisha. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliazimia kwamba bidii ya kila siku, kazi na mwenendo navyo vihesabiwe. Kuanzia 1976, upimaji endelevu ukabeba nusu ya alama za mwisho za sekondari.

Mizani hiyo haikudumu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliishtua nchi: takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, na matokeo yakachakatwa upya. Oktoba 2013 ukatangazwa uwiano mpya: 40 za maendeleo ya mwanafunzi na 60 za mtihani. Mjadala wa umma uling'ang'ania zaidi daraja la tano na majina ya madaraja. Uwiano wenyewe haukujadiliwa sana, ingawa ndio unaoamua mwanafunzi anaingia katika chumba cha mtihani akiwa na deni kiasi gani.

Tutoe mfano. Tuwaze binti wa Sibwesa, mkoani Katavi, aliyesoma hisabati kwa kubahatisha: mwalimu alikuja, akahama, nafasi ikabaki wazi. Alama zake za maendeleo ni asilimia 40. Mwenzake wa mjini, aliyekuwa na mwalimu miaka yote, ana asilimia 80. Wote wanataka jumla ya 65. Kwa mizani ya nusu kwa nusu, wa mjini anahitaji asilimia 50 katika mtihani, na wa Sibwesa anahitaji 90. Kwa 40 na 60, wa mjini anahitaji 55 na wa Sibwesa karibu 82. Ikiwa 30 na 70, ni karibu 59 kwa 76.

Hapa ndipo historia inapotufunza. Azimio la Musoma lilitaka kumwondolea mwanafunzi kitisho cha siku moja. Lakini mahali ambapo mwalimu hakupelekwa, alama za maendeleo hugeuka kuwa kumbukumbu ya upungufu wa serikali, na anayeulipia upungufu huo ni mtoto. Wala kupunguza uzito wa sehemu hiyo si dawa. Pengo linapungua katika hesabu tu, kwa kuwa mtihani nao utauliza mada zile zile ambazo hakufundishwa.

Kwa hiyo mtumishi anayepanga vituo vya walimu katika halmashauri anashika sehemu ya kwanza ya hesabu hiyo, hata kama hajawahi kusahihisha karatasi moja. Wanaharakati wanaodai uwiano wa haki wadai kwanza mwalimu afike, na abaki.

Nanyi wanafunzi wangu, swali lenu ni zuri, ila mnalileta mkiwa mmechelewa. Mliulize wiki ya tatu ya muhula, wakati alama nyingi bado hazijaandikwa. Ninyi mnayo nafasi hiyo. Binti wa Sibwesa hakuwa nayo.