Magari ya Moshi ya Uingereza Yaliyookolewa

Tarehe 11 Agosti, 1968, gari la moshi lilitoka Liverpool kwenda Carlisle na kurudi. Nauli ilikuwa gini 15, yaani shilingi 315 za Kiingereza, fedha nyingi sana siku hizo. Hata hivyo watu walipanda, na wengine wengi wakasimama kando ya reli kulitazama, kwa sababu kuanzia kesho yake Shirika la Reli la Uingereza lilipiga marufuku injini za mvuke katika njia zake kuu.

Tusiwalaumu mno wakuu wa reli. Injini ya mvuke yataka kuwashwa saa nyingi kabla ya safari, hula makaa na maji bila kushiba, na majivu yake lazima yazolewe. Injini za dizeli na za umeme hazina taabu hiyo.

Injini moja tu iliachiwa njia kuu, nayo ni Flying Scotsman. Mwenyewe, Alan Pegler, aliinunua mwaka 1963 kwa pauni 3,000, akawa mwangalifu kuandikiana mkataba na shirika. Baadaye aliipeleka Marekani, akafilisika, na William McAlpine ndiye aliyeirudisha kwao mwaka 1973.

Lakini wokovu mkubwa ulitokea Barry, kusini mwa Wales, katika uwanja wa vyuma chakavu wa Dai Woodham. Mfanyabiashara huyu alinunua injini 297 ili azikatekate. Akaanza na mabehewa, maana kazi yake ilikuwa nyepesi, na injini zikabaki miaka mingi zikiliwa na kutu karibu na bahari. Hivyo hazikuokolewa kwanza na mapenzi ya mtu, bali na hesabu ya biashara. Ndipo wapenzi wakapata nafasi: makarani, mafundi, walimu na wastaafu wakachanga fedha kidogo kidogo, wakanunua injini moja baada ya nyingine. Msomaji aliyeiona Mount Gelai katika Jumba la Makumbusho la Reli mjini Nairobi, injini iliyoundwa Manchester, anaweza kukisia ugumu wa kuhamisha mzigo wa namna hiyo, ingawa hiyo ni kubwa kupita zote za Barry. Kwa jumla 213 ziliondoka pale salama.

Oktoba 1971 King George V, injini ya mwaka 1927, iliruhusiwa kuvuta abiria tena katika njia kuu, na marufuku ikaanza kulegea. Tangu hapo safari za matembezi zimeendelea hadi leo.

Ziko injini ambazo hakuna aliyewahi kuziokoa. Za aina iitwayo A1 zilikuwa 49, na zote zilikatwa. Basi mwaka 1990 wapenzi wakaazimia kuunda ya hamsini, na kwa michango ya kila mwezi ikakamilika Darlington mwaka 2008, kwa gharama ya pauni milioni 3 hivi. Wakaiita Tornado. Mwaka 2017 ilijaribiwa usiku, ikafika mwendo wa maili 100 kwa saa. Hata hivyo haiwezi kwenda mbali bila msaada: matangi ya maji ya stesheni yaling'olewa zamani, na mara nyingi lori la maji huwa limekwisha kutangulia kwa barabara, likiingoja njiani.