Panya wa Mitini na Majina Yaliyosahauliwa Pwani ya Cabo Delgado

Katika hadithi ya Alice, iliyotolewa na Mwingereza Lewis Carroll mwaka 1865 na kutafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940 na tena mwaka 2015, yumo mnyama mdogo anayesinzia mezani wakati wenzake wanakunywa chai. Waingereza wana jina lake mahsusi. Sisi walimu, tukifika hapo, humwita panya tu, kisha tukaendelea na somo. Hapana budi tujiulize: je, mnyama huyu ni mgeni kwetu, au ni jina lake tu lililotupotea?

Mnyama mwenyewe si mgeni. Tumwite kwa sasa panya wa mitini. Ni mdogo, ana macho makubwa na mkia wa manyoya mengi mithili ya kindi. Hulala mchana katika mapango ya miti, na usiku hutoka kutafuta wadudu, mbegu na matunda. Jamaa zake wa Afrika wameenea kusini mwa Sahara hadi Rasi ya Tumaini Jema, na Msumbiji imo.

Kilichompa sifa ni usingizi wake. Yule wa Ulaya hunenepa kabla ya majira ya baridi, kisha hulala miezi mingi. Mwili hupoa, moyo hupiga polepole, na mafuta aliyoyaweka ndiyo chakula chake. Warumi wa kale walimfuga ndani ya mitungi ili anone, wakamla karamuni. Jamaa yake wa Afrika Kusini naye huweza kulala siku kadhaa mfululizo baridi ikizidi. Lakini pwani ya Palma na Mocímboa da Praia haina theluji. Basi mwalimu asiyasomeshe ya Ulaya kana kwamba ndiyo ya mtoto wa pwani hiyo.

Historia inatupa mfano wa kufuata. Mwaka 1842 Mjerumani Wilhelm Peters aliondoka Berlin kwenda Msumbiji, na safari yake ikaendelea hadi mwaka 1848. Alikusanya wanyama bara na pwani, hata kisiwani Ibo. Mwaka 1846 alimweleza kitaalamu, kutokana na aliyempata Tete, panya mnono ambaye naye huweka mafuta mwilini na kuzimia kwa usingizi chakula kinapoadimika. Kitabu chake kuhusu wanyama wanyonyeshao kilitoka mwaka 1852.

Ama jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa lugha ni kwamba Peters hakukusanya wanyama peke yao. Alikusanya na maneno. Daftari zake alizishughulikia Wilhelm Bleek, yule yule aliyelieneza jina la Bantu katika uchunguzi wa lugha, na mwaka 1856 msamiati huo ukapigwa chapa London. Miongoni mwa lugha zilizomo ni ile ya Cabo Delgado. Jalada lina jina la Peters na la Bleek. Watu wa pwani waliowafumbulia maneno hayo hawakutajwa.

Tangu hapo ni zaidi ya miaka 160. Pwani hiyo ni ya Kimwani, Kimakwe na Kiswahili, lugha zilizo jirani na ndugu. Wanaojua ndege, samaki na panya kwa majina ni wazee: wavuvi, wakulima na wawindaji. Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Mamia ya maelfu ya watu wa jimbo hilo walilazimika kuyahama makwao, na wengi wakakimbilia Pemba. Mzee aliyetengwa na msitu wake hana tena wa kumwonyesha mnyama na kumtajia jina lake papo hapo. Neno la namna hiyo halifi kwa kelele. Hukosa tu mtu wa kulirithi.

Kwa hiyo tusiharakishe kubuni istilahi mezani. Tuwatume wanafunzi kwa wazee wao, waandike jina la mnyama, lugha yake, mahali lilipopatikana, na safari hii jina la aliyelitoa pia, akiridhia. Huenda panya wa mitini ana jina zuri huko Palma, nalo linangoja kuulizwa. Mnyama aliyelala huamka mwenyewe majira yakifika. Neno lililolala halina budi kuamshwa.