Kutoka Mtwarwa hata Raia: Misingi ya Uhuru wa Mtu katika Buhaya

Neno "raia" lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ya kwanza ni kundi la wanyama lililo chini ya mchungaji. Ndipo likaja kuwa na maana ya watu walio chini ya mtawala. Maana ya mtu mwenye haki katika nchi yake ilikomaa baadaye. Neno "uhuru" nalo lilisikika pwani katika habari za mtumwa aliyeachwa na bwana wake, kabla halijawa neno la taifa zima. Maneno haya mawili yamebeba safari moja, ya kutoka chini ya mkono wa mwingine. Safari hiyo yaonekana wazi katika nchi ya Wahaya, hasa upande wa Ihangiro, uliko mji mdogo wa Nshamba katika wilaya ya sasa ya Muleba.

Msingi wa maisha ya Mhaya ulikuwa kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ambamo mlipandwa pia mibuni na maharagwe, na ambamo wazee walizikwa. Vibanja vingi vilikuwa vya ukoo. Lakini vingine viliingizwa katika nyarubanja: Mukama alimpa ndugu yake, au mtumishi aliyempendeza, eneo lenye vibanja vya watu, na tangu siku hiyo wakaao humo wakawa watwarwa, yaani wenye kutawaliwa. Mtwarwa alimtolea bwana wake ndizi, pombe na kazi; akikosa, aliweza kufukuzwa, akaiacha migomba aliyoipanda na makaburi ya wazazi wake. Hakuwa mtumwa, kwa kuwa hakuuzwa. Wala hakuwa huru, kwa kuwa chakula chake na makao yake vilisimama juu ya radhi ya mtu mwingine. Na mtu wa hali hiyo ni vigumu kusema hapana.

Kahawa ilipopata soko zuri katika miaka ya 1920, kibanja kilipata thamani mpya ya fedha, na swali la nani mwenye haki ya mavuno likawa kali zaidi. Wakati huo ulizuka pia umoja wa namna mpya. Mwaka 1924 kiliundwa Bukoba Bahaya Union, chama cha watu waliosoma, wakiwamo makarani na wafanya biashara; Klemens Kiiza alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Wanachama hawakuunganishwa na damu ya ukoo, wala na amri ya Mukama mmoja, bali na hiari yao. Hiyo ndiyo maana ya jumuiya ya kiraia: watu wanaokutana kwa kupenda, juu ya jambo linalowahusu wote, pasipo kuitwa na mtawala.

Hiari hiyo ilijaribiwa mapema. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga kanuni za serikali juu ya kilimo cha kahawa. Mwaka 1950 waliunda chama kikuu chao cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950, maofisa walipoingia vibanjani kupambana na fukusi wa migomba, watu walichukizwa kuona mgomba ukikatwa bila ya ruhusa ya mwenyewe. Na Ali Migeyo wa Kamachumu, aliyekuja kuwa mtu mashuhuri wa TANU na kupata kufungwa kwa siasa yake, alikuwa mmoja wa waliolisema jambo hilo hadharani. Hapo kibanja na chama vilikutana: mtu mmoja hakuweza kumzuia ofisa mlangoni, lakini wengi waliokusanyika waliweza kumfanya asikilize.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Mamlaka ya machifu yakafutwa mwaka 1963, na sheria ya mwaka 1965 ikamwezesha mtwarwa wa nyarubanja kuwa mwenye kibanja alichokilima. Sheria nyingine ya mwaka 1968 iliendeleza kazi hiyo kwa wapangaji wengine wa kimila. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Lakini dola iliyomtoa mtu chini ya bwana wa ardhi ilijipa yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1962, uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani. Na mwaka 1976 ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, visirudi mpaka miaka ya 1980. Mkulima alikuwa na ardhi, ila chombo cha kuisemea kahawa yake hakikuwa tena mkononi mwake.

Palikuwa na kizuizi kingine, nacho kilikuwa ndani ya ukoo wenyewe. Kanuni za urithi za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa wilaya ya Muleba, aliyerithi ardhi kwa wasia wa baba yake, aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Sababu yake ilikuwa uzee: hakuwa na wa kumtunza. Mtoto wa ndugu yake akafungua kesi katika mahakama ya mwanzo ya Kashasha, akashinda. Mahakama ya wilaya ikaitengua hukumu. Naye akakata rufani Mahakama Kuu, Mwanza.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo yapingana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Lakini hakuufuta ukoo. Aliacha desturi ya kwamba ndugu waweza kuikomboa ardhi iliyouzwa kwa mgeni, kwa kumrudishia bei aliyoitoa. Desturi iliyowahusu wanaume sasa iliwahusu wote. Ukoo ulibaki na haki ya kuipenda ardhi yake, ila kwa kulipa, si kwa kumnyamazisha binti yao.

Hukumu hiyo haikujibu swali la mwanzo: nani atamtunza mzee? Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, uliachiwa mabibi wengi wenye wajukuu yatima. Mwaka 2003 lilianzishwa Nshamba shirika la Kwa Wazee, lililowapa wazee fedha kidogo kila mwezi bila ya kuwaamulia matumizi, na kuwakutanisha katika vikundi vya kusaidiana. Bibi aliyepokea fedha hizo aliweza kuamua mwenyewe kati ya chumvi, sabuni na daftari la mjukuu, bila ya kwenda kuomba kwa jirani.

Kati ya mtwarwa aliyengojea radhi ya bwana na bibi huyo wa Nshamba pana sheria, vyama na kesi za miaka mingi. Sheria ya ardhi peke yake haikumlinda mkulima chama chake kilipofutwa. Chama cha wanaume hakikumpa mwanamke haki ya kuuza. Na haki ya kuuza, kwa mzee asiye na wa kumtunza, ilikuwa karibu na kulazimika kuuza. Neno raia hukamilika pale mtu anapoweza pia kutouza.