Kutoka Kipande hadi Wasifukazi: Maneno ya Kuombea Kazi Ufipani

Miongoni mwa maneno ambayo walimu na wafasiri hutuuliza mara kwa mara ni jina la karatasi ambayo mwombaji wa kazi hujieleza ndani yake. Mitaani Sumbawanga huitwa “sivii”. Matangazo ya serikali huiita “maelezo binafsi”. Vitabu vya shule vya Kenya vina “wasifukazi” na “wasifutaala”. Kabla ya kuchagua, yafaa tutazame neno hili limepita njia gani.

Zamani Ufipani hapakuwa na haja ya karatasi. Fundi aliyeyeyusha chuma katika malungu, yale matanuri marefu ya udongo, alijulikana kwa majembe yake. Karatasi ilikuja na kazi ya mbali. Wanaume wengi wa uwanda huu walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, na huko kila mmoja alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Ujira ulilipwa kadi ilipojaa. Ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, SILABU, ilianzishwa mwaka 1944, na walioandikishwa wakaitwa manamba, kwa kuwa walihesabiwa kwa namba. Nchini Kenya, tangu mwaka 1920, kipande kilikuwa kitambulisho cha kuvaliwa shingoni ambacho ndani yake mwajiri aliandika habari za mtumishi. Tuangalie hapo nani aliyeshika kalamu. Mfanyakazi alielezwa, hakujieleza.

Si kwamba watu hawakuweza kusimulia maisha yao wenyewe. Adrien Atiman, mganga na katekista aliyefika Karema, ufukoni mwa Tanganyika, mwaka 1889 na kuhudumu huko hadi alipofariki mwaka 1956, alisimulia maisha yake, na masimulizi hayo yakachapishwa mwaka 1946. Hiyo ni tawasifu: husimulia maisha yote, wala haimwombi mtu kazi.

“Wasifu” ni neno la asili ya Kiarabu, na Shaaban Robert alilitumia alipoandika habari za Siti binti Saad, yaani maisha ya mtu mwingine. Kwa hiyo likisimama peke yake halitoshi. “Maelezo binafsi” nayo, ingawa yameenea, yana hatari: mwombaji huyaelewa kama alivyoambiwa, akaandika habari za baba, dini, kabila na idadi ya ndugu, na stadi ya kazi ikabaki mstari mmoja. Sisi twaona “wasifukazi” ndilo bora. Limeundwa kama “batamzinga”, nomino ya pili ikiibana ya kwanza, na lenyewe linamwambia mwandishi aandike nini.

Tatizo gumu zaidi ni kitenzi. Tuliwahi kuona kijitabu cha mafunzo kilichotafsiriwa, kikiwashauri vijana “kushona wasifu”. Msomaji mmoja alituuliza kama maana yake ni kuambatisha kurasa kwa uzi. Kwa Kiswahili jambo lenyewe ni kuoanisha wasifukazi na tangazo. Chukua kijana wa uwanda huu mwenye stashahada ya kilimo, aliyelima kwa matuta ya ntumba na kutunza ghala la mahindi la chama cha ushirika. Akiomba uafisa ugani, ntumba itangulie, kwa maana majani yanayofukiwa ndani ya tuta huoza yakawa mbolea, na hilo ndilo atakaloulizwa. Akiomba utunzaji wa ghala, habari za magunia, mizani na daftari la kupokelea ndizo zitangulie. Maisha ni yaleyale. Kilichobadilika ni mpangilio na uzito.

Twasisitiza “kuoanisha” kwa sababu jirani yake ni “kughushi”. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali uliwataja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Tangu hapo tumesikia waombaji wakiogopa kugusa hata mpangilio wa maelezo yao, wakidhani kila badiliko ni udanganyifu, hivyo karatasi ileile inapelekwa ofisi kumi. Mwalimu asiye na vitenzi viwili tofauti atawaondoaje hofu hiyo?

Limebaki neno “mdhamini”, ambalo matangazo hulitumia kwa mtu wa kuulizwa habari za mwombaji. Mahakamani mdhamini ni yule anayebanwa mshtakiwa asipotokea. Tulisimuliwa habari za mzee mmoja, mwenyekiti wa kijiji mbali na Sumbawanga mjini, aliyekataa jina lake lisiandikwe. “Mwanangu,” alimwambia kijana, “nakujua tangu utotoni, lakini ng'ombe wa kulipa sina.” Kijana akatuma maombi yenye majina mawili pale palipotakiwa matatu. Twapendekeza “mtoa ushuhuda”, na twawaomba wanaoandika matangazo walijaribu.