Alama Iliyoangukia Ziwani

Kakangu alipopiga simu kusema ameacha kazi ya kuwatunza wazee kule Lowell, Massachusetts, ili asomee kodingi, mama alisikia kodi. "Kodi gani tena? Si ulisema umelipa ya mwezi huu?" Tulicheka. Mjomba hakucheka. Kwake, mtu aliyepata kazi ya mshahara Marekani, halafu anaiacha akakae darasani na vijana aliowazidi miaka kumi, huyo ana shida nyingine ambayo hajaisema.

Mjomba alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi wa Nakuru tunapeleka watu nje kwa kazi zinazojulikana: kuuguza, kuendesha malori, kusafisha ofisi usiku. Kubadilisha kazi ukiwa ugenini ni kama kushuka matatu katikati ya barabara ya Nairobi, usiku, ukitumaini nyingine itasimama. Lakini nikikumbuka vizuri, kakangu hakuanza kubadilika akiwa Lowell darasani. Alianza Januari 2008, na chanzo kilikuwa mtaa wetu.

Kwa wale mlikuwa wadogo, au hamkuwa mmezaliwa: tulipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio zikaanza kucheza muziki kama hakuna kitu. Habari za Eldoret na Molo tulizipata kwa watu waliofika kwa malori wakiwa na magodoro na kuku. Nakuru ilikuwa mahali pa kukimbilia. Halafu tarehe 24 Januari zamu yetu ikafika. Kaptembwo, Kwa Rhonda, Free Area, moshi ukaonekana pande zote. Tarehe 27 moto ukafika Naivasha, ambako watu 19 waliteketea ndani ya nyumba moja.

Nilikuwa darasa la sita. Mama alikuwa na kiduka, na kitu cha kwanza kuisha haikuwa unga, ilikuwa kadi za simu. Watu walikuja kugonga mlango wa nyuma wakiomba hata ya shilingi hamsini. Jirani yetu, tuliyemwita Baba Mapacha, alikuwa fundi cherehani. Aliondoka usiku na lori kwenda Showground, na watoto wake wawili, bila cherehani. Mama aliiburuta mpaka chumbani kwake akaifunika na shuka.

Sasa rudini nyuma wiki tatu.

Mwanasheria anayeitwa Ory Okolloh alikuwa akiishi Johannesburg. Alikuwa amesomea sheria Harvard, na mwaka 2006 alikuwa ameshaanzisha, pamoja na Conrad Akunga, tovuti ya Mzalendo ya kufuatilia wabunge wetu wanasema nini na wanafanya nini. Alikuja kupiga kura, akarudi Afrika Kusini mambo yakiwa yameharibika. Kwenye blogu yake, Kenyan Pundit, watu walikuwa wakimletea habari ambazo vyombo havitoi, nyingi kuliko mtu mmoja anaweza kuzichapa. Tarehe 3 Januari aliandika kuomba msaada: kuna mtu anayejua kompyuta anaweza kutengeneza ramani inayoonyesha ni wapi kumetokea nini?

Waliojibu walikuwa wametawanyika kama familia yoyote ya Kenya. David Kobia alikuwa Alabama. Erik Hersman, Mmarekani aliyekulia Sudan na Kenya na kusoma shule pale Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, alikuwa Florida. Juliana Rotich alikuwa amesomea kompyuta Marekani. Hawakuwa na ofisi wala pesa. Kwa siku chache tu tovuti ikawa hewani, na jina lake halikuhitaji tafsiri kwetu: Ushahidi. Ukiwa na intaneti uliandika pale pale. Ukiwa na simu ya tochi ulituma SMS kwa 6007.

Kati yao wote mimi humfikiria zaidi Kobia. Alikuwa anaendesha Mashada, jukwaa ambalo Wakenya wengi wa ughaibuni walipigia soga na kubishania siasa. Mwezi huo jukwaa lilijaa chuki ya kikabila hadi akaona hawezi kulisimamia tena, akalifunga. Hebu fikiria. Kitu ulichojenga kwa miaka, kinachokuletea watu kila siku, unakizima mwenyewe kwa sababu watu wako wameanza kukitumia kama panga. Na katika majuma hayo hayo unakosa usingizi ukitengeneza kingine, ambacho hujui kama kina faida yoyote. Watu wanaosimulia habari za wajasiriamali hupenda kuanza na wazo zuri kwenye karakana. Hapa kulikuwa na mtu aliyefunga duka.

Kakangu aliiona ramani hiyo baada ya zamu ya usiku. Kwao ilikuwa asubuhi, kwetu jioni, tofauti ya saa nane. Alikuwa amempigia mama mara nyingi bila kumpata, na alipompata mama alizungumza kwa dakika mbili: tuko salama, Baba Mapacha ameenda, nyumba yake imechomwa, usiwaambie watu wa huko mambo mengi. Kakangu akafanya kinyume. Akafungua tovuti, akaandika mistari mitatu, akaombwa aonyeshe mahali. Na hapo akakwama. Alizaliwa Nakuru, aliijua njia ya kutoka stendi hadi kwetu akiwa amefumba macho, lakini hakuwa ameona mtaa wake kutoka juu. Alikisia. Alama ikaangukia ndani ya Ziwa Nakuru.

Aliniambia hilo miaka mingi baadaye, na hakuwa anacheka. Alisema alikaa akiangalia hiyo alama majini, na viatu vya kazi bado mguuni, akajiuliza inakuwaje mtu wa Alabama anajua kutengeneza kitu kama hiki na yeye hajui hata kuonyesha kwao.

Si kwamba kesho yake aliacha kazi. Maisha hayaendi hivyo, kulikuwa na karo yangu. Lakini alianza kuwafuatilia hao watu, na kwa kweli walikuwa na safari ya kufuatilia. Mwaka 2008 wakashinda shindano la dola 25,000, wakapata ufadhili, wakaiandika upya programu na kuitoa bure ili yeyote aitumie na kuibadilisha. Ikatumika Afrika Kusini wageni waliposhambuliwa, ikatumika mashariki mwa Kongo. Januari 2010 tetemeko likaipiga Haiti, na wanafunzi wa chuo kule Boston wakaisimamisha ramani upesi. SMS zilikuwa kwa Krioli, lugha ambayo waokoaji wengi hawakuijua, kwa hiyo Wahaiti waliohamia Marekani na Kanada wakakesha wakizitafsiri. Kakangu aliposoma hilo alinipigia simu saa nane za usiku. Alikuwa anawaona watu kama yeye: wahamiaji, na kwao kunaungua, ila mara hii walikuwa na kazi ya kufanya badala ya kupiga simu isiyopokelewa.

Machi 2010 kundi hilo likafungua iHub pale Ngong Road, Nairobi, na mwaka 2013 wakaleta BRCK, kisanduku cha kuunganisha intaneti mahali stima inapotea kila mara. Ni nani hapa Kenya hajui shida hiyo? Yule mwanasheria baadaye alifanya kazi Google kwa muda, akisimamia sera za Afrika.

Lakini wacha niseme kitu kinachonisumbua. Hadithi hii ikisimuliwa kwenye makongamano, mashujaa huwa ni wale waliokuwa na kompyuta. Kuwa mbali kuliwapa stima, intaneti na usalama, na walivitumia vizuri, sina ubishi. Hata hivyo ramani bila mtu wa Kaptembwo aliyejificha chini ya kitanda akiandika SMS kwa salio la mwisho ingekuwa karatasi tupu. Huyo hakualikwa popote. Tena neno lenyewe lilikuja kuwa chungu. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Kesi zikaenda The Hague, ya kwanza ikaondolewa Desemba 2014 na nyingine ikasimamishwa Aprili 2016, na kila mara tuliambiwa kilichopungua ni ushahidi. Mama alizima redio akaenda jikoni.

Kakangu alimaliza masomo. Mwaka wa kwanza hakuna aliyempa kazi. Alirudi kwa wazee wikendi na kuandika programu siku za wiki. Sasa yeye na wenzake wawili wana kampuni ndogo inayotengeneza mfumo wa kupanga zamu za watunzaji wa wazee. Hiyo kazi mjomba alilia ameiacha ndiyo inayomlisha bado, ila kwa mlango mwingine. Mjomba siku hizi anasema alijua tu.

Desemba iliyopita alikuja nyumbani. Jioni moja alimwekea mama simu mapajani, akamwonyesha Nakuru kutoka angani. Mama alichukua muda. Akafuata reli, akapata stendi, akapotea, akarudi, akapata mabati ya kiduka chake. Kisha akasogeza kidole kidogo tu kando, mahali ambapo sasa kuna ghorofa ya orofa tatu.

"Hapa," akasema. "Ungeweka hapa."

Cherehani bado iko chumbani kwake. Huwa anaitia mafuta.