Risasi Zilizooshwa Moshi

Katika kumbukumbu za Paul von Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Kijerumani aliyewasumbua Waingereza hapa Afrika Mashariki kuanzia 1914 hadi 1918, kuna aya ambayo wasomaji wengi huipita mbio. Kwa sentensi chache tu anaeleza kwamba mwaka wa 1915, kule Moshi, askari na yeyote mwingine aliyepatikana walikaa miezi kadhaa, asubuhi hadi usiku, wakifungua risasi zilizolowa maji ya bahari, wakizisafisha na kuzifunga upya. Halafu anaendelea na vita vyake kana kwamba hilo ni jambo dogo. Kwangu si dogo. Vitabu vinapomwita mtu huyu jemadari asiyeshindwa, mimi huwaza wale watu na yale maganda.

Tuanze na kwa nini zilihitajika. Mnamo Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kutoka India kuiteka Tanga, wakachapwa vibaya na kukimbilia melini. Waliacha ufuoni zaidi ya nusu milioni ya risasi, na Wajerumani wakaokota zote. Mambo yakawa sawa kwa muda. Kisha Januari 1915 ikaja Jasini, kijiji cha pwani pale mpakani, karibu kabisa na Vanga yetu. Von Lettow alishinda tena, lakini ushindi huo ulimla: kwa siku mbili tu, tarehe 18 na 19, watu wake walifyatua risasi 200,000 hivi. Alipokaa chini kupiga hesabu akaona stoo yake inaweza kubeba vita vingine vitatu tu vya ukubwa huo, basi. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimeziba pwani, na koloni halikuwa na kiwanda cha risasi.

Halafu kulikuwa na aibu ya silaha zenyewe. Vita vilipoanza, kampuni nyingi za askari zilikuwa bado na bunduki za modeli ya 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu la moshi linapanda juu ya kichwa chako kama bango la kutangaza kwamba uko hapo. Mjini Berlin walijua. Waliamua kutuma meli.

Meli hiyo ilikuwa Rubens, mali ya Waingereza iliyokamatwa Ujerumani vita vilipolipuka. Ilipakwa rangi upya, ikapewa jina la Kronborg na kupeperusha bendera ya Denmark. Mabaharia wake walichaguliwa wanaojua Kidenishi, ili wakisimamishwa baharini wadanganye vizuri. Juu kulipangwa mbao, chini yake makaa ya mawe ya kulisha manowari Königsberg iliyokuwa imejificha Rufiji, na chini zaidi bunduki za kisasa za Mauser na risasi kwa mamilioni. Iliondoka Februari 1915, ikazunguka kaskazini mwa Uskochi, ikashuka Atlantiki yote na kupita Rasi ya Tumaini Jema. Kapteni wake, Carl Christiansen, alifika mbele ya Tanga katikati ya Aprili na kumkuta Mwingereza anamngoja. Ujumbe wa redio wa Wajerumani ulikuwa umenaswa na kusomwa.

Iliyomwokoa ni injini mbovu. Manowari Hyacinth ilipoanza kumfukuza, injini yake moja ikafa, na Christiansen akapata dakika za kujitupa ndani ya ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Hapo akaizamisha meli yake mwenyewe kwenye maji mafupi na kuziwasha moto zile mbao za juu. Hyacinth ikafika, ikaimiminia mizinga, ikaona moto na moshi, ikaondoka ikiamini kazi imeisha. Ujanja safi. Mbao ziliungua juu huku shehena imekaa chini ya maji, haiwezi kushika moto. Siku zilizofuata wapiga mbizi walianza kushuka tumboni mwa meli na kutoa masanduku, na wapagazi wakaanza kubeba.

Vitabu vingi vinafunga sura hapo: risasi zimeokolewa, vita vinaendelea. Lakini kitu kilichotoka Manza hakikuwa risasi tena. Zilikuwa vipande vya shaba vyenye chumvi ndani.

Risasi moja, kwa wale ambao hawajawahi kuishika (na ni vizuri hivyo), ina sehemu nne. Mbele kuna kile kichwa kinachoruka. Nyuma yake kuna baruti. Kitakoni kuna fataki, kikofia kidogo chenye kemikali inayolipuka ikigongwa, na ndiyo inayowasha baruti. Vyote vimeshikwa na ganda la shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, kama sehemu 70 kwa 30. Watu hudhani ganda ni kifuko tu. Wapi! Ganda ndilo linalofanya kazi ngumu. Bunduki ikilia, linavimba na kujibana kwenye kuta za mtutu ili gesi yote iende mbele, halafu linanywea kidogo ili litolewe. Likiwa na ufa, gesi hurudi nyuma, na nyuma kuna uso wa mtu. Likiwa na ukoko wa chumvi au kutu ya kijani, halitaingia vizuri, au litaingia na kukataa kutoka.

Shaba ya njano inaonekana sugu lakini ina udhaifu wake wa ajabu. Wakati wa ukoloni kule India, jeshi la Waingereza lilikuwa likiweka risasi mabandani mwa farasi msimu wa mvua, kisha kuzikuta zimepasuka zenyewe bila kuguswa na mtu. Wakauita ugonjwa huo ufa wa msimu. Ni mwaka wa 1921 ndipo watafiti watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson, walipoeleza kisa chake: amonia inayotoka kwenye mkojo wa farasi hushambulia shaba iliyobaki na mkazo wa kiwandani. Mpaka leo Wamarekani wanaokusanya maganda yaliyotumika na kuyajaza upya, jambo ambalo kwao ni hobi kama ufugaji wa njiwa, huonyana wasiyang'arishe kwa dawa yenye amonia. Wanayaosha kwa sabuni ya vyombo na asidi ya ndimu, au wanayazungusha kwenye pipa la umeme pamoja na maganda ya jozi yaliyosagwa, kisha wanabishana wiki nzima ni njia gani inang'arisha zaidi.

Moshi hawakuwa na pipa la umeme wala muda wa kubishana. Mji wenyewe, Neu-Moschi kwa Kijerumani, ulikuwa mwisho wa reli ya Usambara kutoka Tanga na ghala la vita vyote vya upande wa Kilimanjaro. Mwanzoni walijaribu kuzitumia zile risasi, lakini kila wiki zilizokataa kulia ziliongezeka, kwa sababu chumvi haipumziki. Maji yanakauka, chumvi inabaki, inavuta unyevu wa hewa na kuendelea kula. Fataki ndiyo iliyokufa kwanza, maana kemikali yake haivumilii maji. Ikabidi wazifungue zote.

Fikiria kazi yenyewe. Unang'oa kichwa bila kupinda mdomo wa ganda. Unamwaga baruti, inasafishwa na kukaushwa mbali na moto. Unatoa fataki iliyokufa, na kwa risasi za Mauser hiyo si rahisi, kwa sababu kijinundu inachogongewa kiko ndani ya ganda lenyewe, huwezi tu kuisukuma kwa msumari kutoka ndani. Unasafisha ganda, unaweka fataki mpya. Zilizopatikana kwenye koloni zilikuwa za aina nyingine, kwa hiyo ililazimu kuzibembeleza. Unarudisha baruti kwa kipimo, unakaza kichwa. Umemaliza moja. Sasa chukua inayofuata.

Tupige hesabu ya haraka, yangu mwenyewe. Tuseme risasi moja inakula dakika tatu, na hiyo ni kumpendelea mfanyakazi. Risasi milioni moja ni saa 50,000. Ukiwa na watu 100 wanaochapa kazi saa kumi kwa siku bila Jumapili, hizo ni siku 50 nzima. Na zilikuwa zaidi ya milioni. Mikono yao ilishinda kwenye baruti, masizi na vumbi la risasi, kwa maana zote mbili za neno hilo, maana Kiswahili kinaita madini ya sumu na kitu kinachoua kwa jina lilelile.

Matokeo? Hapa ndipo ile aya inaponikaba. Zilizofufuliwa zilijaribiwa kwa mafungu. Risasi nzima ambazo hazikuwahi kuguswa na maji zilitengwa kwa bunduki za rashasha peke yake. Mafungu ambayo kama asilimia 20 ya risasi zake zilikuwa bubu yalipelekwa vitani. Yaliyozidi hapo yakabaki ya mazoezi. Von Lettow anaandika hivyo kwa utulivu wa mtu anayepanga viazi, vikubwa huku, vidogo kule.

Kiufundi alikuwa sawa, siwezi kumkatalia. Bunduki ya rashasha inajiendesha kwa nguvu ya risasi iliyotangulia. Risasi moja ikikataa, mashine yote inasimama na mtu aikoki kwa mkono huku adui anakuja. Mwenye bunduki ya kawaida anavuta, anatupa bubu, anaendelea. Lakini Mauser hubeba risasi tano. Asilimia 20 ni moja kati ya tano. Yaani askari anajaza bunduki akijua kwamba, kwa wastani, mojawapo ya hizo haitalia, na hajui ni ya ngapi. Na kuna noma nyingine: risasi isiyolia papo hapo huenda imekufa, au huenda inachelewa tu. Ukifungua haraka inaweza kulipukia mkononi mwako. Ukingoja, aliye mbele yako hangoji. Uamuzi huo wa sekunde mbili haumo kwenye ramani za vita zenye mishale, lakini ndio bei iliyolipwa ili jeshi libaki na risasi, na aliyeilipa hakuwa kamanda.

Huu upande wa Kilimanjaro si mbali na sisi. Wajerumani walikuwa wameishika Taveta tangu Agosti 1914, na kutoka huko vikosi vyao vilivuka nyika ya Tsavo kuvizia reli ya Uganda. Februari 1916 pale kilima cha Salaita waliwarudisha nyuma Waafrika Kusini waliokuja na dharau nyingi. Ukipita barabara ya Voi kwenda Taveta, nyika hiyo bado inatema maganda ya shaba mvua ikinyesha, na vijana wa huko wanayajua vizuri kuliko sisi tunaosoma mambo haya kwenye simu. Ganda lililofyatuliwa lina alama ya kiwanda kitakoni, Ujerumani au Uingereza. Alama ya aliyelisafisha haipo.

Mwezi mmoja baada ya Salaita, Machi 1916, majeshi ya Smuts yaliingia Moshi na von Lettow akaanza safari yake ndefu ya kusini. Mwezi huohuo meli ya pili, Marie, ilipenya hadi Sudi, karibu na Lindi, na safari hii mzigo ulifika mkavu, ukabebwa vichwani na migongoni. Baadaye, hata hizo zilipopungua, watu wake waliishi kwa kuteka: waliposalimu amri kule Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, sehemu kubwa ya bunduki walizoweka chini zilikuwa za Waingereza na Wareno. Kwa hiyo mtu anaweza kusema zile risasi za Moshi zilikuwa daraja tu, mwaka mmoja hivi. Sawa. Lakini toa huo mwaka uone kama kuna hadithi iliyobaki. Yeye angekuwa ofisa mmoja aliyeshinda Tanga, akashinda Jasini, kisha akaishiwa.

Upande wa Waingereza, wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu walituachia angalau jina: Kariokor hapa Nairobi, Kariakoo kule Dar. Waliofufua risasi hawana mtaa wala kituo cha matatu.

Von Lettow alirudi Berlin mwaka wa 1919 akapokewa kwa gwaride. Alifariki Machi 1964, na mwaka huo bunge la Ujerumani Magharibi likaamua kuwalipa askari wake wazee waliokuwa bado hai malimbikizo yao. Kuna stori inayosimuliwa sana kwamba mtu wa benki alitumwa Mwanza na pesa, akakuta wazee kama 350 wamejipanga, na wachache tu wana cheti cha kuthibitisha utumishi wao. Basi akampa kila mmoja ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani: begani, chini, heshima! Kila mzee, inasemekana, akaupokea ufagio kama bunduki na kufanya gwaride bila kukosea, miaka karibu 50 baadaye.

Amri zote zilikuwa za bunduki. Kama kati yao kulikuwa na aliyekaa Moshi mwaka wa 1915 na rundo la shaba iliyoota kijani mbele yake, hakupewa ganda wala fataki aonyeshe alichokuwa akifanya. Alipewa ufagio kama wengine.