Jinsi miale ya gama inavyofichua siri za vitu yabisi

MWAKA wa 1958, mwanafizikia kijana wa Ujerumani, Rudolf Mössbauer, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya mjini Heidelberg akitumia metali ya iridi. Matokeo hayo yalimpa tuzo ya Nobel mnamo 1961 akiwa na umri wa miaka 32, na kuwafungulia wanasayansi njia ya kuchungulia ndani ya vitu yabisi.

Kiini cha atomu kinapotoa mwale wa gama hurudi nyuma, mithili ya mtumbwi unaosukumwa na abiria arukaye ufuoni. Msukumo huo hula sehemu ya nishati. Kwa hivyo mwale hukifikia kiini kingine cha aina iyo hiyo ukiwa umepungukiwa, nacho hakiupokei. Mössbauer alibaini kwamba atomu zikiwa zimeshikamana katika fuwele, baadhi ya miale hutoka bila upungufu huo, kwa kuwa msukumo hubebwa na fuwele nzima. Mtumbwi umegeuka meli.

Chanzo kinachotumika sana ni kobalti-57, ambayo huoza na kuwa chuma-57. Chanzo husogezwa mbele na nyuma kwa kasi ya milimita chache tu kwa sekunde, mwendo ambao hata konokono angeuweza, na nishati ya miale ikabadilika kidogo mno. Kwa kutazama ni katika kasi zipi miale hunaswa, mtafiti hujua chuma kilichomo katika kutu, damu au jiwe kimepoteza elektroni ngapi, na kama kina usumaku. Kasoro ni kwamba elementi zinazokubali kupimwa hivi ni chache, chuma na bati zikiwa mbele.

Mnamo Januari 2004, vyombo viwili vya Marekani, Spirit na Opportunity, vilitua katika sayari ya Mirihi, kila kimoja kikiwa na kifaa cha aina hii kilichoundwa mjini Mainz, Ujerumani. Kifaa hicho kilipima miale iliyotawanywa na mwamba na kurudi kilikotoka, hivyo haikuhitajika kuusaga wala kuukata vipande vyembamba. Katika uwanda wa Meridiani, Opportunity iligundua jarosaiti, madini ya chuma ambayo hayaumbiki pasipo maji. Huo ulikuwa ushahidi mzito kwamba mahali hapo, pakavu kupindukia leo, paliwahi kuwa na maji, tena yenye asidi.

Hata hivyo, nguvu ya kobalti-57 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 272 hivi. Vipimo vilivyochukua saa chache mwanzoni vilikuja kuhitaji siku kadhaa.